Magneto ya Pikipiki ya Baba

Igamba, Mbozi,
14 Oktoba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Eliakim,

Habari za Kitwe? Enesi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila magoti yangu siku hizi yananung'unika nikipanda kilima. Mvua moja tu imenyesha na kahawa imechanua. Shamba zima jeupe, harufu inaingia hadi jikoni.

Tangu ichanue, naota mchana. Nikisinzia kibarazani namwona marehemu baba akipita katikati ya mikahawa na pikipiki yake ya Kiingereza, wewe umekaa mbele juu ya tangi, mimi nyuma nimemshika kiuno. Inakwenda bila mlio wowote. Shemeji yako Ferista anasema ni uzee. Huenda ni kweli.

Basi nikaanza kutafuta magneto, maana bila cheche zake ile pikipiki ni kitagio cha kuku. Nimekwenda Tunduma, nikavuka Nakonde, nikafika hata Itumba. Kote walinipa kopi. Unapiga kiki, inakohoa mara moja, kisha kimya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka mgongo unauma.

Juzi fundi Shaban wa Chapwa, ambaye pikipiki iko kwake, akaniita. Alifungua pikipiki mbovu ya zamani, akakuta magneto orijino ya aina ileile, nzima kabisa.

"Mzee, hii ndiyo yenyewe," akasema. "Tukiifunga, leo unaondoka nayo."

Niliishika mkononi, na sikufurahi. Nilishangaa mwenyewe.

Eliakim, ya baba unayo wewe. Siku ya kugawana vitu vyake tuligombana mbele ya watu, wazee wakachoka nasi, wakanipa mimi pikipiki na wewe magneto yake. Ukaiviringisha kwenye kitenge, ukaondoka. Sasa ni miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyeanza matusi, na sijawahi kukuomba radhi. Nisamehe, mdogo wangu.

Ile ya Shaban nimemwachia. Nikiifunga, pikipiki itawaka, nami nitakosa kisingizio cha kukuita.

Nisalimie Enesi, na binti yako Fortunata mwambie shangazi zake wanamuulizia. Mungu awalinde nyote huko ugenini.

Magneto usiitume kwa basi. Njoo nayo.

Kaka yako ambaye hajaacha kukupenda,
Lusubilo