Setelaiti Uliyowaonyesha Majirani

Baba Raya,

Nakuandikia kwa hasira, na nyingine nimekukasirikia wewe mwenyewe. Leo asubuhi alikuja Mzee Faki. Alikaa barazani kwetu, akanywa kahawa yangu, kisha akaniomba nimsamehe kwa niaba yako. Anasema viongozi wameshapeana mikono, ugomvi wa vyama umekwisha, na yeye umri umekwenda, hataki kufa na haki yako shingoni.

Pengine huko uliko umeshasahau. Mimi sijasahau. Ulikuwa ukirudi skuli unakula harakaharaka, unatandaza ramani mezani na juu yake ile karatasi ya nailoni uliyoichora njia ya setelaiti. Unaizungusha kwenye pini, unapiga hesabu, halafu unatoka na antena yako ya waya na mwanzi kama mtu anayekwenda kuangua shokishoki. Ukinivalisha vile vispika vya masikioni nisikie mlio wake, mwembamba inapokuja, mzito inapokwenda zake. "Sikiliza, Mama Raya, hiyo yatupita." Nikiona wivu, nakwambia kweli, maana mimi hukuwahi kunisubiri kwa hamu ile.

Hilo ningelivumilia. Lakini kwa nini uliwaita watu? Mtaa ulikuwa umeshagawanyika. Wa chama hiki wana baraza yao, wa chama kile wana yao, na harusi ya upande mmoja upande wa pili hauli pilau. Wewe ukaona dawa ni setelaiti. Ukawabembeleza mmoja mmoja mpaka wakaja wote baada ya Maghrib, kwenye sakafu yetu ya kuanikia karafuu, ukawaambia watazame upande wa kisiwa cha Fundo. "Chaja hicho," ukasema, na kweli kikaja, kinang'aa, hakina sauti, kikapanda mpaka juu ya paa letu kisha kikazimika ghafla. Ukawaeleza kwamba kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Watu wasioamkiana walikuwa wamesimama pamoja wanaangalia juu, na uso wako ulikuwa uso wa bwana harusi.

Asubuhi yake askari wakaingia mtaani, wakapiga watu, wakachukua vijana. Ulikuwa wakati wa uchaguzi, na mitaa mingine waliingia vilevile. Lakini Ijumaa Mzee Faki alisimama msikitini baada ya sala akasema kile kitu ulichotuonyesha kilikuja kutupiga picha, kilizimika kwa kuwa kimeshamaliza kazi, na aliyekiita ni wewe na antena yako. Watu wazima, wenye akili zao, wakakubali. Mwanawe alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa, najua. Nimejaribu kumhurumia kwa hilo, na kuna siku namhurumia.

Haukupita muda wakaja wakubwa wa upande wa pili, wenye serikali, wakaichukua antena, eti unawasiliana na wapinzani. Ulicheka, ukaniuliza, "Sasa mimi wa nani?" Baada ya hapo sikukuona tena ukicheka. Dukani hatuuziwi. Ukitoa salamu, hujibiwi, mwalimu uliyewasomesha watoto wao.

Kisha ile homa ikakuchukua. Maziko ya kwetu unayajua, jeneza linapokezanwa kwa kasi hata mtu hajalishika vizuri limeshatoka mkononi. Lako walilibeba kaka zangu waliotoka Makoongwe, walewale, kutoka mlangoni kwetu mpaka kaburini, hapana wa kuwapokea. Kaka mkubwa alirudi na bega limechubuka. Mimi nilikuwa ndani, ndiyo kwanza naanza eda, nawasikia wanapita na dhikri yao nyembamba mbele ya nyumba zilizofunga milango. Hilo ndilo Mzee Faki analotaka nilimalize kwa kikombe cha kahawa.

Na sasa ana dishi juu ya bati lake. Vijana walipokuja kulifunga, yeye alisimama chini anawaelekeza, kushoto, kulia kidogo, mpaka wakaipata setelaiti yake ya mpira. Hapana aliyesema anaita askari. Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka.

Raya wetu anasomesha Chake Chake, na njia zote ulizokuwa ukizichora yeye anaziona kwenye simu. Juzi alinipigia kuniambia inapita. Nikatoka peke yangu kwenye sakafu, ikapita, ikazimika palepale ulipokuwa ukisema itazimika. Nililia kwa uchungu, Baba Raya. Ulijua kila kitu cha huko juu, na majirani zako hukuwajua.

Mzee Faki nilimjibu kwamba alikusingizia msikitini, mbele ya watu, basi akalifute neno lake palepale mbele ya watu. Akatazama kikombe. "Ah, Bi Maryamu, watu washasahau. Tukawakumbushe ya nini?" Akamaliza kahawa yake akaenda zake.

Basi pumzika, Mola akunurishie hapo ulipo. Nami nakuahidi hivi. Siku akisimama akakutaja kwa jina lako na kusema alikusingizia, nitamsamehe kabla hajafika nyumbani kwake. Asiposimama mpaka siku yake ikafika, nitakwenda msibani, nitapika na wanawake wenzangu, na kaka zangu nitawaita waje wambebe, watu wasiseme tulimsusia. Radhi yako ataiomba kwako mwenyewe huko.

Mkeo,
Maryamu