Injini Iliyokunywa Maji Yangu

Mjukuu wangu Elia,

Huku Maji ya Chai tunaendelea vizuri. Shangazi yako amejifungua salama. Mimi ni magoti tu.

Umeuliza marehemu babu yako aliitoaje chumvi kwenye injini ya boti tulipoishi Tanga. Aliibeba injini hadi uani, akaweka pipa la maji matamu juu ya mawe, akashusha mpira wa maji hadi kwenye matundu ambako injini huvutia maji, akayabana kwa vikombe viwili alivyokata kwenye tairi kuukuu. Kisha aliiwasha taratibu, huku akiyaonja maji yanayotoka mpaka yasiwe na chumvi. Mchuzi wangu hakuwahi kuuonja kwa makini vile.

Na maji hayo niliyateka mimi, bibi harusi aliyetoka Meru juzi. Kila jioni alianza na injini, ndipo aingie ndani. Siku moja nikamwambia, "Si ungeioa tu hiyo injini."

Alichomoa mpira, akaja nao mlangoni, akanisuuza miguu kwa maji yaliyobaki.

"Na wewe umetoka ufukweni," akasema. "Chumvi ya leo tuitoe leo."

Nilicheka, lakini wivu haukuisha, maana kesho yake alianza tena na injini.

Sasa na wewe huko Mafia umekaa kimya mwaka mzima, na barua yako ya kwanza yote ni injini. Haya, isuuze kila jioni. Ila leo, kabla hujaigusa, nipigie mimi kwanza.

Bibi yako