Jembe la Mpini Mfupi

Jumatatu, 27 Machi 2023

Yaretzi kalikuta jembe gereji, nyuma ya matairi. Mpini wake haufiki hata kiwiko. "Babu, si ndilo lile lililopigwa marufuku? Ulikuwa unainama nalo siku nzima?" Nikakohoa. Mjukuu wangu akahesabu kikohozi kuwa ndiyo.

Ijumaa ni Siku ya Chávez, yule mtetezi wa vibarua wa mashambani. Shule zimefungwa, ila darasa lao litakuwa na meza bustanini baada ya maandamano. Anataka nikae pale na jembe langu.

Langu — kweli lilikuwa langu. Kila alfajiri niligawa majembe kama hilo arobaini.

Jumanne, 28 Machi

Kaandika kadi: Babu yangu Wenceslao aliumia mgongo kwenye mashamba ya letusi, hapa hapa Salinas.

Mgongo wangu u mzima! Nilikuwa nyapara. Nilisimama mwisho wa mistari na filimbi mdomoni. Jembe fupi lilitufaa sisi: aliyejinyoosha alionekana papo hapo. Napuliza, anarudi chini.

Nikaisoma kadi yote, nikamwambia ana mwandiko mzuri. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 30 Machi

Balaa. Yaretzi kamwalika na jirani yetu, Bi Herlinda. Alikuwa kundini kwangu misimu mitatu. Sasa akitembea anatazama viatu vyake. Kila Krismasi ananiletea tamale za mahindi, bado za moto, na hatujawahi kuligusa jambo lile, hata siku moja.

Nikamfuata. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia kesho sidhani kama nitakuja, kifua kinanibana.

"Kifua," akasema, bila kuinua macho. "Afadhali mgongo uko sawa."

Nilikwenda kumwomba radhi. Nikaishia kumwomba chumvi. Nyumbani ninayo mifuko miwili.

Ijumaa, 31 Machi

Naandika hapa hapa bustanini, daftari magotini, nisije nikatazamana na mtu. Njiani tumepita shamba la stroberi, watu wameinama kama kawaida. Sikukuu haijawafikia.

Bi Herlinda yuko mezani na jembe. Watoto wanalijaribu, wanainama, wanacheka. Dakika mbili tu, hoi. Msichana mmoja kauliza: kwa nini hamkusimama kidogo mkapumzika?

Bi Herlinda kalilaza jembe mezani. Nikadhani atanisitiri.

"Hilo muulizeni Mzee Wenceslao," akasema. "Sisi tuliona udongo tu. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama."

Hakusema kwa hasira. Ni sauti ile ile anayonikaribishia tamale.

Yaretzi hajaelewa. Anakuja na kipaza sauti, kadi mkononi, anatabasamu. Wote wamegeuka huku. Nimezidi kuliinamia daftari, mpaka kiuno kinaniuma — leo, baada ya miaka yote hiyo.

Kanigusa bega. "Babu, simama wakuone."