Goti Lililotiwa Waya

Wodi ya Wanaume, Nyeri
Jumatano mchana

Kwako Baba,

Nakuamkia kwa heshima, nikiomba salamu hizi zikukute na nguvu. Kifua kinasemaje na mvua hizi? Na yule ng'ombe wa madoadoa, amezaa? Huku ni baridi, na mlima umejifunika wiki nzima. Barua hii ataileta mtoto wa jirani yetu, yule askari wa Kiganjo, anayekuja likizo kesho. Naandika kwa sababu kwenye simu nilikudanganya, na nilishindwa kujisahihisha huku nikiisikia sauti yako. Mdogo wangu Kageha akusomee polepole, asiruke mahali.

Nilikwambia goti limeteguka kidogo. Ukasema nisilikanyage, nikusubiri, utakuja Jumamosi na vibao vyako vya kuungia mifupa. Baba, kifuniko cha goti kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Na sikukusubiri.

Nilianguka kwenye ngazi za ofisi, zilikuwa zimetoka kupigwa deki. Nilikuwa nimebeba faili za walimu wanaohamishwa, zimenifika kidevuni. Mwingine angezitupa ajikinge kwa mikono. Mimi nilizikumbatia, goti la kulia likapokea sakafu. Wanjiru, tunayekaa naye meza moja, alikuja mbio.

"Ati umeshikilia faili? Hizo ziko na kopi kwa kompyuta, karani. Goti yako iko na kopi?"

Nilicheka. Kisha nikajaribu kusimama, nikaacha kucheka.

Hospitalini daktari alikuwa msichana, hamzidi Kageha kwa umri. Aliniambia, "Nyoosha mguu, halafu inua kisigino kutoka kitandani." Nilijaribu mpaka jasho likanitoka. Mguu ulilala tu, kama wa mtu mwingine.

Hapo nilikuona wewe, Baba. Nilikuona kwenye benchi kando ya ghala la mahindi, harufu ya samli mikononi, ukimwimbia mgonjwa wimbo wa kanisani ili asahau unachotaka kumfanya. Mimi nimeshika wayo wake, nimefumba macho. Ulikuwa ukiwaambia watu, "Mwoga hushika vizuri, maana haachilii." Nikakumbuka siku walipomleta yule fundi aliyeanguka kutoka paa la shule. Ulimwagiza ainue mguu ukiwa umenyooka. Akashindwa. Ukasema, "Huyu si wangu. Kamba ya ndani imeachana, mikono yangu haifiki huko. Mtafutieni gari." Watu walinong'ona kwamba umeshindwa. Wewe ukaenda kunawa mikono.

Daktari alinieleza jambo hilo hilo kwa picha. Paja linavuta kipande cha juu, mguu unavuta cha chini, na hakuna kibao cha kuvizuia. Wanatia pini mbili na waya kwa umbo la nane, ili mvuto ule ule uliokuwa ukivitenganisha sasa uvibane. Ningependa ungemsikia. Ungemuuliza maswali ambayo mimi sikuyajua.

Fomu ya kukubali kupasuliwa niliisoma mara tatu. Palikuwa na nafasi ya jina la jamaa wa karibu. Niliandika lako polepole, maana nilikuwa nalitumia kwa jambo ambalo sijakuuliza. Najua ungesema nitie sahihi. Lakini kusema ilikuwa haki yako, nami nilikunyima kwa kuogopa kwamba ukisikia mwanao anapasuliwa, utadhani nimeidharau mikono iliyonilea.

Walinipasua Jumatatu. Walinidunga sindano ya mgongo, nusu ya mwili ikaondoka, masikio yakabaki. Nilisikia keekee ikizunguka kama ya fundi wa milango kule Mbale. Nesi aliinama: "Unaomba ama unahesabu?"

"Vyote viwili."

"Wewe omba tu. Kuhesabu ni kazi yetu."

Sasa goti limefungwa likiwa limenyooka, nami natembea kwa magongo hadi dirishani na kurudi. Watanifundisha kulikunja kidogo kidogo, kwa majuma mengi. Mikono ya watu hawa ni hodari, Baba, lakini ina haraka, na hakuna anayeimba. Jana walitugawia githeri yao ya mahindi na maharage, nami nikatamani ugali na mboga ya mrenda ya Mama mpaka nikageukia ukutani.

Msalimie Mama, umwambie soksi alizonifumia nimezivaa. Msalimie senge, dada yako aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na babu mzaa mama, na mchungaji aniombee. Kageha, asante kwa kusoma; hapa usilie.

Jumanne nitaruhusiwa kutoka. Baba, safari ya Jumamosi usiiache. Vibao viache nyumbani, uje mikono mitupu. Na kama umekasirika, usikasirikie huko mbali. Njoo unikasirikie hapa, nikuone.

Mwanao,
Asava