Neno la Kijivu Juu ya Bei

Ghorofa ya pili, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 14

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Shemeji je, na wapwa zangu? Kile kifua chako kimepoa, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio uko hoi, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Wewe unadhani natengeneza kompyuta za duka la magari. Mjomba Breki naye anadhani hivyo, na sikuwahi kumsahihisha yeyote. Kazi yangu hasa ni kuweka picha za magari mapya kwenye tovuti na kuandika bei. Bei naiandika kwa tarakimu kubwa nyekundu. Juu yake naweka neno "kuanzia", kwa herufi ndogo za kijivu, maana bosi anataka lionekane kwa anayelitafuta tu. Na bei yenyewe ni ya gari lisilo na redio wala kiyoyozi, kodi haimo, usajili haumo. Gari la namna hiyo hata dukani hatuna! Bosi husema mteja akishafika na kukikalia kiti kipya, ataona haya kurudi mikono mitupu. Nami nilicheka, Dada. Nilicheka na kuandika.

Sasa sikia. Mjomba aliiona bei ile kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Lile neno aliliona, macho yake si unayajua. Ila alilisoma kama tunavyolisikia kila siku: kuanzia leo, kuanzia Jumatatu. Akadhani bei imeshushwa, na asipowahi itapanda tena. Hakumwambia mtu mpaka yote yalipokwisha. Alitaka kutushtukiza, mzee wa watu.

Akauza gari lake la abiria, lile alilotupelekea shule tangu wazazi walipotutoka akatuchukua kutulea, mlango umefungwa kwa kamba. Aliliuza ndani ya siku mbili, kwa bei ya kutupa, ili ajazie akiba yake.

Alhamisi moja mwezi uliopita nikamwona kupitia kioo cha ofisi yetu iliyo juu ya duka. Amevaa suti aliyoivaa kwenye harusi yako, analizunguka gari jeupe, haligusi. Muuzaji akampa karatasi. Nilijua imeandikwa nini: jumla yote, karibu mara mbili ya ile ya mtandaoni. Mjomba akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Akatoa simu yake kumwonyesha muuzaji. Muuzaji akaweka kidole juu ya lile neno.

Ningeweza kushuka. Ni ngazi kumi na mbili tu. Nikainama nyuma ya kompyuta mpaka alipoondoka. Tangu siku hiyo najichukia.

Alikwenda kwa aliyelinunua gari lake akaomba arudishiwe, kumbe yule bwana alishaliuza kwa mwingine. Sasa Mjomba, na miaka yake sitini na mitatu, anaendesha gari la mtu kwa zamu. Siku akikosa zamu anashinda ndani. Amekonda, na utani wake wote umekwisha, hata kunicheka kwa kukosa mke ameacha.

Nilimwomba bosi tuandike bei kamili. Akaniuliza kama kazi nimeichoka. Nikarudi kukaa, si unanijua mdogo wako.

Msalimie sana shemeji. Wabusu wapwa zangu, na yule mdogo umwambie mjomba wake anamkumbuka. Mungu akuondolee hicho kikohozi na aibariki nyumba yenu.

Nilitaka niishie hapa, lakini kuna moja limenikaa kooni. Jana nilikwenda kwa Mjomba nimekata shauri kumwambia ukweli. Hata sijaketi vizuri, akaanza yeye. Akasema hana kinyongo na muuzaji, yule ni mtumishi tu. Ila aliyekaa chini akaliandika lile neno vile, alisema, huyo hakulelewa.

Akanitazama, akingoja niitikie. Nikasema, kweli kabisa, Mjomba.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.