Niletee Namba Chafu

Jumatatu, 3 Machi

Kesho kliniki. Nimekaa mezani na kalamu, nimejaza daftari la sukari. Siku kumi na nane kwa mkupuo mmoja! 6.5, 7.0, 6.5, 6.0. Nimepachika na 8.5 moja, isije ikaonekana nimezidisha. Kimashine chenyewe cha kupimia kimelala kabatini tangu mwezi uliopita.

Najua ninachofanya. Daktari wa kwanza alinifokea mbele za watu, akauliza kama nataka kufa. Mtu mzima na mvi zangu, nafokewa kama mtoto wa chekechea. Tangu siku hiyo nampa anachotaka kuona. Sasa amehamishwa, nasikia kaja mwingine.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto bado. Kiatu cha kazi kilinichubua, wiki ya tatu hii, kidonda hakifungi. Mke wangu anasema kinanuka. Nimemwambia ni soksi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeumbuka leo. Acha niandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Daktari mpya ni mwanamke, mdogo kuliko binti yangu mkubwa, miwani inamteleza puani kila dakika. Aliniamkia kwanza. Nesi alikuwa ameshanitoboa kidole mlangoni: 17.2. Miwani, ndivyo nilivyomwita moyoni, akaitazama 17.2, akalitazama daftari langu. Akaniuliza nafanya kazi gani.

Msoma mita za maji, nikamwambia. Nyumba kwa nyumba, kwa miguu, mwaka wa ishirini na sita.

Akasema, hebu nieleze mzee wangu, msomaji mwenzako akijikalia nyumbani akapika namba, mnamgunduaje?

Swali tamu hilo! Nikavimba kichwa. Nikamfundisha: namba za kupika huishia na sifuri au tano. Hazipandi wala hazishuki kwa ghafla. Kalamu ni moja, mwandiko ni mmoja, ukurasa hauna hata doa la jasho. Daftari la kweli limelowa mvua, limekunjika mfukoni, limekanyagwa na mbwa wa watu –

Hapo ndipo macho yangu yakaangukia daftari langu mezani. Safi. Wino wa bluu mwanzo hadi mwisho.

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akalifunga taratibu, akanirudishia mkononi. Akasema hapa hakuna mtihani, kwa hiyo hakuna anayefeli. Namba safi hazimsaidii kitu. Niletee chafu, akasema. Kisha kwa sauti ya chini: nani alikufokea?

Nikamtaja yule daktari wa kwanza.

Akavaa glavu, akachuchumaa, akaushika mguu wangu yeye mwenyewe. Hakunificha wala hakunitisha. Sukari ikibaki ilipo, kidonda hakitapona. Kisipopona, kidole kitakatwa, na mara nyingine hawaishii kidoleni. Nikamuuliza, msoma mita bila mguu ni msoma mita gani? Akasema ndiyo maana tuko wawili humu ndani. Halafu: katika yote haya, wewe ungependa tuanze na lipi?

Mimi ndiye nichague! Miaka minne ya kisukari, sijawahi kuulizwa. Nikachagua moja: nitapima kila asubuhi, nitaandika ninachokiona. Akasema kwa leo linatosha.

Wamenitoa damu ya kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kisichodanganyika. Asilimia 11.9. Nesi atanisafisha kidonda kila baada ya siku moja. Na nina barua ya kazini: nikae ofisini mpaka kidonda kifunge. Mimi, ofisini!

Jumatano, 5 Machi

16.4. Kalamu nyekundu, ndiyo iliyokuwa karibu.

Alhamisi, 6 Machi

15.9. Nimemwambia mke wangu kila kitu, pamoja na lile la soksi. Nilijiandaa kwa vita. Akacheka mpaka akashika ukuta. Soksi gani, akasema, inayonuka chumbani huku iko nje kwenye kamba ya nguo? Kisha akaacha kucheka, akaniombea Mungu kwa sauti, jambo ambalo halifanyi mbele yangu.

Jioni amenishikia kioo chini ya unyayo. Sikuwahi kuuona unyayo wangu vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Kliniki. Nimepeleka namba chafu: 14.1, 12.6, 15.0 (hii ya kweli, naapa), 13.3. Ukurasa mmoja una doa la mafuta. Miwani akalipenda lile doa kuliko namba zenyewe.

Leo nimechagua la pili: chai ya ofisini. Mama Chai huniwekea vijiko vinne, cha tano cha heshima, na mimi naona haya kumkatalia mtu anayenijali. Daktari hakuniambia acha. Akajifanya yeye ndiye Mama Chai. Akaingia na kikombe cha hewa, akaniambia karibu baba, hiki chako maalumu.

Nikakipokea! Nikasema asante! Nesi alicheka hadi akatoka nje. Tukarudia mara tatu. Ya tatu nikasema: dada, kuanzia leo changu bila sukari, daktari kaninyang'anya. Miwani akasema nimsingizie yeye tu, ana mgongo mpana.

Jumatano, 19 Machi

Nimesema. Ulimi mzito, lakini nimesema. Mama Chai akabaki na kijiko hewani. Kumbe miaka yote ananiongezea akidhani nitaona amenibania. Tulikuwa tunaoneana haya bure.

Chai bila sukari ni maji ya kuoshea sufuria. Nimeinywa.

Jumapili, 30 Machi

10.8 juzi, 9.9 jana, 10.1 leo. Jana nesi alipima kidonda kwa rula ya karatasi. Kilikuwa sentimita mbili, sasa moja na nukta mbili. Nimemwomba hiyo rula, nimeibandika ndani ya jalada la daftari. Mke wangu anasema nimeoa mke wa pili, daftari.

Jumamosi, 12 Aprili

Jana tulimuaga bosi. Keki. Nilikula kipande kwa ajili ya picha, cha pili kwa ajili ya bosi, cha tatu sina cha kusingizia.

Leo asubuhi 18.3.

Kalamu ilisimama. Nikitoa ile moja ya mbele inabaki 8.3, namba nzuri kabisa, haiishii na sifuri wala tano. Nani angejua? Mimi ningempita msoma mita yeyote duniani.

Nimeandika 18.3. Pembeni: keki, vipande vitatu, sikulazimishwa. Nilipomaliza nilihisi nafuu.

Jumanne, 15 Aprili

Nilikuwa na hofu njia nzima. Miwani akaweka kidole juu ya 18.3. Hii, akasema, ndiyo namba ninayoiamini kuliko zote humu. Kesho yake ulifanya nini? Nikamwambia nilipima tena kama kawaida, 11.4. Akasema wengi wakiteleza wanalifunga daftari, wewe uligeuza ukurasa.

Nilikuwa nahangaika na kamba za kiatu, maana machozi yalikuwa karibu.

Ijumaa, 9 Mei

Kimefunga!

Nesi aliweka rula, akaiondoa, akaweka tena. Hakuna cha kupima. Ngozi mpya, laini, nyekundu kidogo. Nikamwita Miwani, akaacha ofisi yake akaja kuona. Tukasimama watu wazima watatu tunashangilia kidole gumba.

Jumatatu narudi mitaani. Viatu vipya vipana, kabla ya kuvaa naingiza mkono kutafuta kokoto. Kidole ni changu, mguu ni wangu, na mitaa yangu nimerudishiwa.

Jumanne, 3 Juni

Majibu ya miezi mitatu. Miwani aligeuza karatasi juu chini, akaniambia nikisie. Nikasema tisa. Akasema nisijipunje.

7.4.

Kutoka 11.9! Nikaomba aniandikie kwa wino, namba na sahihi. Akasema hii si yangu mzee, ni yako, mimi nilikuwa nauliza maswali tu. Nimerudi nyumbani kwa miguu, kifua mbele, nikisalimia hata nisiowajua.

Mke wangu alinikumbatia jikoni na mikono yake yenye unga. Akaisoma karatasi mara mbili. Akatafuta pa kuibandika. Mimi nikaenda kabatini kuhesabu vijiti vya kupimia, nijue kama vitafika mwisho wa mwezi.

Kopo la vijiti hamsini nililifungua tarehe 12 Mei. Daftari lina mistari ishirini na mitatu tangu siku hiyo. Vilipaswa kubaki ishirini na saba. Nimehesabu: ishirini na nne. Nimerudia: ishirini na nne.

Mimi sikosei hesabu ya namna hii. Na nyumba hii ina watu wawili.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa akifuta meza iliyokwisha futwa. Sauti ya yule daktari wa kwanza ilinipanda mpaka kwenye meno: kwa nini hukusema, unataka kufa? Nikaimeza. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye. Nikamuuliza aliona namba gani iliyomtisha.

Akatoa kipande cha karatasi chini ya kopo la chumvi. 13.6. 14.2. 13.9. Alipima mara tatu akitumaini mashine imekosea. Alikuwa anangoja majibu yangu yatoke kwanza, akasema. Hakutaka kuniharibia.

Nimeogopa, siwezi kudanganya humu. Mke wangu huyu! Lakini nimemwambia namba zake hazina hata moja inayoishia na sifuri au tano, kwa hiyo ameanza vizuri kuliko mimi. Amecheka huku analia.

Nimechora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto mimi, kulia yeye. Ameshanawa mikono. Anasema niache kuandika nimshike, sindano inamtia hofu. Nimemwambia achague kidole mwenyewe. Amechagua cha mwisho, kile kidogo, na ameninyooshea –