Joho Bila Upindo

Bungoma, 4 Machi 2006

Mwanangu Nasro,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima, ila goti langu linajua mvua kabla ya redio. Wewe je? Huyo Wakili Cheruiyot anakufundisha kazi, au unambebea mafaili tu hapo Kitale?

Joho lako nimelimaliza. Nimelitundika mlangoni pa kibanda changu cha ushonaji, na kila anayetoka msikitini anauliza ni la nani. Najibu: la binti yangu, wakili. Jirani yetu Walubengo ana kesi ya mpaka wa shamba lake lililo kule Kwanza, karibu na Kitale, itasikizwa huko kwenu. Nimemwambia asitafute mtu mwingine, Nasro atasimama. Usiniangushe.

Mama yako, Arafa

Kitale, 23 Machi 2006

Mama yangu mpendwa,

Waalaikum salaam. Mwili ni mzima. Goti lifunge kitambaa cha joto.

Mzee Walubengo alifika kortini jana na koti lake la Krismasi, kuku kwapani. Hakimu akauliza nani anamtetea. Akaninyooshea kidole: "Si huyu hapa, mtoto wa Arafa, bana!"

Mama, nilibaki nimekaa. Digrii ninayo, mitihani ya shule ya sheria nimepita, lakini lazima nimalize miezi sita chini ya Wakili Cheruiyot. Kisha ombi langu litangazwe, mwenye pingamizi aseme. Mpaka Jaji Mkuu aniapishe, siwezi kumsemea mtu mahakamani. Ningesimama jana, pengine nisingeapishwa kamwe. Wakili Cheruiyot ndiye aliyeinuka, akaomba kesi iahirishwe aishike yeye. Mzee aliondoka bila kuniaga. Kuku aliondoka naye.

Nimelia sana. Tafadhali literemshe joho.

Bintiyo, Nasro

Bungoma, 30 Juni 2006

Mwanangu,

Assalaam alaikum. U mzima? Nilinyamaza kwa sababu nilikukasirikia, halafu nikaona haya. Walubengo alikuja amefura, ati atakupinga usiapishwe. Nikamkalisha, nikamwambia mwenye kosa ni mimi. Sijawahi kumpa mteja nguo kabla ya kuipinda, lakini mtoto wangu nilimtoa hivyo hivyo.

Joho nimeliteremsha na upindo wote nimeufumua. Limo sandukuni, nyuzi zinaning'inia. Wakiniuliza nasema bado. Nimekukumbuka mno.

Mama yako, Arafa

Kitale, 30 Oktoba 2006

Mama yangu,

Assalaam alaikum. Idd ilikuwaje bila mimi? Goti je?

Ombi langu lilitangazwa, muda ukaisha, hakuna aliyepinga. Mzee Walubengo alikuja wiki jana kwa kesi yake, ambayo bado inaendelea. Alinipita, akarudi, akauliza, "Ati ni lini?" Nikamwambia. Safari hii kuku alibaki.

Tunaapishwa Nairobi tarehe kumi na sita Novemba. Joho usilitume kwa posta. Njoo nalo wewe mwenyewe, na sindano. Nataka ulipinde nikiwa nimelivaa.

Bintiyo, Nasro

Bungoma, 6 Novemba 2006

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Nakuja, goti lipende lisipende. Uzi nimeshautunga kwenye sindano.

Mama wa wakili. La, bado.

Mama yako, Arafa